Si Kila Kikohozi ni Kifua Kikuu

Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa kuvu ni nini, hakosi jibu. Atataja ukungu uotao juu ya mkate uliolala, atataja uyoga na hamira, na pengine mapunye yaliyomsumbua kichwani alipokuwa mdogo. Akiulizwa iwapo kuvu yaweza kumwingia mtu mapafuni ikamuua, aghalabu atacheka. Simlaumu. Vitabu alivyosomea vimewatengea bakteria na virusi kurasa chungu nzima, vijidudu vya malaria navyo vikapewa haki yao, ilhali kuvu imeachiwa ngozi ya mwanadamu na ghala la mahindi. Mwalimu wake naye, ambaye ni mwenzangu katika kazi hii ya chaki, hakufunzwa zaidi ya hapo.

Nashikilia kwamba pengo hilo halikomei darasani. Hufuatana na mwanafunzi hadi chuo cha uuguzi, likaingia naye zahanatini, na huko likawa sababu ya mtu kumezeshwa dawa za kifua kikuu mara mbili, mara tatu, kwa maradhi ambayo si kifua kikuu. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze, nasi walimu na wanafunzi tukiwa wa kwanza, kwa kuwa sehemu ya marekebisho imo mikononi mwetu na haihitaji kungoja fedha za wafadhili.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba kuvu haitutafuti. Sisi ndio tunaoivuta. Kila mmoja wetu, mzima na mgonjwa, huvuta mamia ya mbegu za kuvu kila siku pamoja na hewa. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile ambayo wataalamu huiita Aspergillus fumigatus, ambayo makao yake ni majani yaozayo, samadi, nyasi kavu na vumbi la nafaka. Mbegu zake zina upana wa sehemu mbili au tatu tu za milimita iliyogawanywa mara elfu, na kwa sababu hiyo hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikafika hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu. Jina lake ni la tangu mwaka 1729, wakati padre mmoja wa Florence nchini Italia, Pier Antonio Micheli, alipoitazama kwa darubini akaona kichwa chake kinafanana na kile chombo cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani. (Laiti sisi walimu tungewasimulia wanafunzi visa vya namna hii, majina ya Kilatini yasingekuwa adhabu kwao.)

Mbona basi hatufi sote? Ni kwa sababu mwili una ngome zake. Ya kwanza ni joto. Kuvu nyingi haziwezi kustahimili joto la damu ya mwanadamu. Lakini hii niliyoitaja imezoea kuishi ndani ya marundo ya mboji yanayofuka moshi, na hata joto la nyuzi 50 haliiui, seuze 37 za mwili wetu. Ngome ya pili ni vinyweleo vilivyo kwenye njia za hewa, ambavyo husukuma makamasi na uchafu kuelekea juu. Ya tatu, nayo ndiyo kuu, ni chembechembe nyeupe za damu zinazolinda mapafu, ambazo huzimeza mbegu za kuvu na kuziua kabla hazijachipua. Ngome hizi zikiwa imara, mtu huishi miaka themanini akivuta kuvu wala asijue. Mojawapo ikibomoka, mbegu ileile iliyokuwa si kitu jana huchipua leo na kutoa nyuzi zinazopenya nyama ya pafu na kuta za mishipa ya damu.

Wanaobomokewa na ngome hizo wamo miongoni mwetu, nao si wachache. Wamo wanaotibiwa saratani ya damu kwa dawa kali ambazo, pamoja na kuua saratani, huua pia askari wa mwili. Wamo waliopandikizwa figo, ambao hawana budi kumeza dawa za kudhoofisha kinga maisha yao yote ili mwili usiikatae figo ya mgeni. Wamo wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, wenye kisukari kisichodhibitiwa, na watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao hapa Kenya pekee ni zaidi ya milioni moja. Mwaka 2021 dunia ilionyeshwa mambo haya waziwazi nchini India. Wagonjwa wa Korona wenye kisukari, waliotibiwa kwa steroidi ili waokolewe pumzi, walishikwa na kuvu iliyoanzia puani, ikala mifupa ya uso na kufika machoni na kwenye ubongo. Magazeti yaliiita kuvu nyeusi. Katika muda wa miezi michache wagonjwa zaidi ya 40,000 walikuwa wameandikishwa, na madaktari wakalazimika kuwang'oa baadhi yao macho ili kuwanusuru. Tulisoma habari hizo kwa mshangao kana kwamba ni mambo ya nchi za mbali yasiyotuhusu.

Yanatuhusu. Hata historia ya Ukimwi yenyewe iliandikwa kwanza kwa kalamu ya kuvu. Tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya kitengo cha Marekani cha kudhibiti maradhi ilieleza habari za vijana watano wa Los Angeles walioshikwa na homa ya mapafu isiyo ya kawaida kwa watu wa umri wao. Kiini cha homa hiyo ni Pneumocystis. Carlos Chagas wa Brazili alikuwa amekiona tangu mwaka 1909, lakini akakidhania kuwa ni hatua moja katika maisha ya kijidudu kingine, na kwa miongo mingi wataalamu wakakihesabu miongoni mwa wanyama wadogo wa chembe moja. Haikuwa hadi mwaka 1988 uchunguzi wa viini vyake vya urithi ulipothibitisha kwamba ni kuvu. Tazama basi: ugonjwa ambao ulikuwa ukiua watu na kutangaza kuingia kwa mojawapo ya majanga makubwa kabisa ya karne hiyo ulikuwa wa kuvu, na waliokuwa wakiutibu hawakuwa wakijua hivyo.

Hapa kwetu Septrin ni dawa ambayo hata mtoto huijua kwa jina. Wengi waliopewa kidonge hicho kila siku kliniki walidhani ni cha kuzuia kuhara na vidonda tu. Ni wachache walioelezwa kwamba kazi yake mojawapo kubwa ni kuizuia kuvu hiyo isiote mapafuni. Ilikuwa ikisemwa zamani kwamba Pneumocystis si tatizo la Afrika. Wataalamu wa Lusaka, Zambia, walipochunguza maiti za watoto 264 waliokufa kwa maradhi ya kifua, na kuchapisha matokeo mwaka 2002, waliikuta ikiwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto wenye virusi vya Ukimwi. Haikuwa haba, ilikuwa haijatafutwa.

Lakini hoja yangu ya leo hasa ni ya kifua kikuu, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo.

Bakteria wa kifua kikuu wakishauawa kwa dawa, huacha nyuma yao makovu, na kwa wagonjwa wengine mashimo ndani ya pafu. Shimo la namna hiyo halina damu ya kutosha kulipelekea askari wa mwili, wala halina vinyweleo vya kusukuma uchafu. Ni pango. Kinga ya mtu huyo yaweza kuwa nzuri kila mahali pengine, lakini pale pangoni ni dhaifu, na mbegu ya kuvu inayotua humo hupata makao. Polepole, kwa miezi na miaka, huota na kujifungamanisha hadi ikawa bonge. Mgonjwa hukohoa, hukonda, hutokwa na jasho usiku, huchoka, na mara nyingine hukohoa damu. Nani kati yetu asiyeweza kuutambua ugonjwa wenye dalili hizo? Sote tutasema kwa kauli moja: kifua kikuu kimemrudia.

Jambo hili si geni katika utaalamu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Waingereza waliwachunguza wagonjwa 544 waliopona kifua kikuu wakabakiwa na mashimo mapafuni, wakakuta damu ya takriban robo yao ina dalili za kuvu hii. Jirani zetu wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, nao walifanyiwa uchunguzi wa namna hiyo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Kati ya watu waliokuwa wametibiwa kifua kikuu huko, takriban 5 katika kila 100 walikuwa na maradhi sugu ya kuvu ya mapafu, na miongoni mwa wale waliobakiwa na mashimo, idadi ilipanda hadi kama robo. Ni Gulu, si Ulaya. Sioni sababu ya kudhani kwamba mapafu ya Busia au ya Turkana ni ya namna nyingine.

Mwalimu mmoja niliyefunza naye alitibiwa kifua kikuu, akamaliza miezi sita ya dawa bila kukosa hata siku moja, akapona. Bakteria walionekana wazi katika makohozi yake safari hiyo, wala sina la kuwalaumu waliomtibu. Miaka miwili baadaye kikohozi kikamrudia. Makohozi yakapimwa, hayakuwa na kitu. Yakapimwa tena, hayakuwa na kitu. Hata hivyo picha ya kifua ilionyesha kovu na shimo, na mbele ya picha kama hiyo, katika nchi kama hii, macho ya mhudumu huona kile alichofunzwa kukiona. Akaanzishiwa dawa upya. Wanafunzi wake wakaanza kumkwepa, na wazazi wawili wakaja kumwuliza mwalimu mkuu kwa nini mtu mwenye kifua kikuu anaruhusiwa kusimama mbele ya watoto wao. Alipozimaliza dawa hizo alikuwa amekonda kuliko alipozianza. Alfajiri moja akakohoa damu iliyojaa kikombe. Ndipo daktari mmoja kijana, katika hospitali nyingine, alipoagiza damu yake ipimwe kama ina dalili za kuvu, na kifua chake kipigwe picha ya kina. Katika lile shimo lililoachwa na ugonjwa wa kwanza palikuwa na bonge la kuvu lenye ukubwa wa ndimu.

Nakitaja kisa hiki kwa ajili ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba kuvu hiyo haiambukizi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Miezi yote ile ambayo mwenzetu alitengwa hakuwa na madhara yoyote kwa mtoto wa mtu. La pili ni la dawa. Rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, huichochea ini kuivunjavunja upesi mno dawa kama itrakonazo inayotumika dhidi ya kuvu. Kwa hiyo mtu hawezi kusema, tumpe zote mbili kwa pamoja, moja itapata. Sharti ijulikane ni ugonjwa gani. Na anayekisia vibaya hampotezei mgonjwa muda peke yake. Humnyima pia nafasi ya dawa iliyo sawa.

Nakubali kwamba mhudumu wa zahanati ya mashambani hana raha. Mbele yake kuna foleni ya watu arobaini, na kifua kikuu kweli kipo, kweli kinaua, na kuchelewa kukitibu ni kosa kubwa. Anayependekeza kwamba kila mwenye kikohozi apimwe kuvu kwanza hajui anachosema. Nisemacho ni kidogo zaidi kuliko hicho. Mtu aliyekwisha kutibiwa kifua kikuu mara moja, ambaye makohozi yake, yakipimwa kwa mashine za kisasa za kutafuta viini vya urithi vya bakteria, hayaonyeshi kitu, asiandikiwe dawa zilezile mara ya pili kabla ya mtu fulani kuuliza: je, haiwezi kuwa kuvu? Kipimo cha damu kinachotoa jibu katika muda usiozidi saa moja kimekwisha kubuniwa. Kinachokosekana ni mtu wa kukiagiza, na hawezi kuagiza kipimo cha ugonjwa asioukumbuka.

Wanafunzi wa sayansi huenda wakauliza kwa nini dawa za kuvu ni chache na ghali hali dawa za bakteria zimejaa madukani. Hili ni swali zuri la mtihani. Bakteria ni kiumbe cha mbali na sisi. Waweza kupata sumu ya kumuua yeye isikudhuru wewe. Kuvu, kinyume na inavyodhaniwa na wengi, iko karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea. Seli zake zina kiini kama zetu, na mambo mengi yanayofanyika ndani yake hufanyika ndani yetu pia. Tofauti zilizopo ni chache, kwa mfano mafuta yaliyo katika utando wa seli zake, na ni hizo chache ambazo dawa huzilenga. Ndiyo maana amfoterisini, dawa kali iliyotokana na kiumbe wa udongoni aliyepatikana Venezuela katika miaka ya 1950, huokoa maisha na papo hapo hudhuru figo.

Na hata hizo chache tulizo nazo tunaziharibu wenyewe. Wakulima wa maua na mboga hunyunyizia mashamba dawa za kuua kuvu ambazo ni ndugu wa damu wa dawa za hospitali. Kuvu ya udongoni ikizizoea za shambani, huwa imezizoea na za wodini. Mwaka 2014 watafiti waliripoti kupatikana kwa Aspergillus fumigatus sugu katika udongo wa eneo la Kilimanjaro nchini Tanzania, na mwaka 2018 wengine wakaripoti hali kama hiyo katika udongo wa Naivasha na Nairobi. Maua yanayouzwa Ulaya siku ya wapendanao yana hesabu nyingine ambayo haimo katika stakabadhi za forodha.

Niseme pia neno juu ya lugha. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa mambo haya: kuvu, ukungu, na kwa watu wa Tanzania, fangasi. Hata hivyo nimesikia wagonjwa wakiambiwa kwamba wana "shida ya kifua", basi. Shida ya kifua ni nini? Pumu ni shida ya kifua, homa ya mapafu ni shida ya kifua, saratani ni shida ya kifua. Mgonjwa aambiwe: kuvu imeota katika pafu lako. Ataelewa mara moja, kwa maana amewahi kuiona ikiota juu ya mkate wake, na akielewa atajua kwa nini anatakiwa ameze dawa kwa miezi sita au zaidi. Wenzangu wa somo la Kiswahili, ambao hupenda kutunga insha kuhusu umuhimu wa elimu mwaka nenda mwaka rudi, wangewafaa wanafunzi wao kwa kuwapa kazi ya kueleza jambo kama hili kwa lugha safi.

Tusichanganye, hata hivyo, mambo mawili. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Hiyo ni jamaa moja ya kuvu, lakini njia ni tofauti: waliokufa walikula sumu, hawakuota kuvu mapafuni. Mahindi yaliyoharibika yana hatari zote mbili, ya anayeyala na ya anayevuta vumbi lake, na hii ya pili ndiyo ambayo shule zetu haziifikirii kabisa.

Ni desturi katika shule nyingi za bweni mwanafunzi aliyekosa kupewa adhabu ya kufagia ghala la chakula, kuchakura samadi ya kuku, au kupanda darini kuondoa kinyesi cha popo na njiwa. Kinyesi cha njiwa hubeba kuvu nyingine, Cryptococcus, ambayo huvutwa mapafuni na kutoka humo hupanda hadi kwenye utando wa ubongo, na ambayo imewaua watu wengi wenye virusi vya Ukimwi barani Afrika. Katika kila shule kubwa wamo watoto waliozaliwa na virusi hivyo, na wengine wanaotibiwa saratani au maradhi ya figo. Mwalimu wa zamu hawajui, na kwa kweli hana haki ya kuwajua. Kwa sababu hiyohiyo, kazi hizo zisiwe adhabu ya mtoto yeyote. Zifanywe na mtu mzima mwenye afya, aliyefunika pua na mdomo, baada ya kunyunyizia maji ili vumbi litulie.

Mwezi wa Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu zilizo hatari zaidi kwa binadamu. Zilikuwa 19, na nne kati yake zikawekwa katika daraja la juu kabisa. Aspergillus fumigatus na Cryptococcus neoformans, zote mbili za kuvutwa kwa hewa, zimo katika hizo nne. Orodha hiyo ingalipo, na ingefaa iwe mbele ya wale wa Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala kila wanapoketi kupitia upya somo la biolojia. Siombi kitabu kizima. Naomba kurasa mbili katika sura ya magonjwa, zenye picha ya pafu lenye shimo na picha ya kuvu ikikua ndani yake, na swali moja katika karatasi ya mtihani wa kitaifa, kwa maana sote tunajua kwamba kisichotahiniwa hakifunzwi. Kabla kurasa hizo hazijachapishwa, mwalimu aliye na darubini na kipande cha mkate uliofunikwa ndani ya kikopo anaweza kuanza juma lijalo. Kikopo na kisifunuliwe kwa ajili ya kunusa. Kitazamwe kikiwa kimefungwa, na somo likiisha kichomwe moto nje ya darasa.